Anayeshika Kibaba

Mwezi Agosti, mwaka juzi, nilimharibia mama yangu biashara, na nilifanya hivyo nikiwa na haki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza inawezekanaje mtu awe sahihi kwa kila kilo na bado awe amekosea.

Nilikuwa nimerudi Horohoro kwa likizo baada ya kumaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Kwa asiyepajua, Horohoro ni mpakani. Ukitoka Tanga mjini unafuata barabara ya lami kiasi cha kilomita 65 kuelekea kaskazini, unapita Duga, halafu unakutana na foleni ya malori, kituo cha forodha, wabadilisha fedha na wauza kahawa. Ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, Kenya. Wadigo wako huku na huku, na harusi ya huku haikolei kama ndugu wa kule hawajafika.

Mama alikuwa na magunia 12 ya mahindi ya masika, kila moja kilo 100, yamepangwa ukumbini mpaka wageni wakawa wanakaa nje. Akaja mnunuzi na vijana wawili, shazia mkononi na bunda la kamba za katani. Bei walishapatana siku moja kabla, nayo ilikuwa bei ya gunia. Vijana wakaanza kazi. Wanafungua gunia, wanalisindilia, wanaongeza mahindi ya gunia jingine mpaka mdomoni, kisha wanashonea juu yake kipande cha gunia na kukijaza nacho, mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika sokoni asiyeijua.

Nikapiga hesabu kichwani. Kwa ufungaji ule, magunia 12 yaliyoingia ukumbini yangetoka 10, na yangelipwa kama 10. Nikaenda dukani kwa jirani nikaazima mizani ya kuning'iniza. Lumbesa ya kwanza ilikuwa kilo 121. Nikatoka nayo hadharani. Nikasema, mbele ya mama, mbele ya vijana, mbele ya majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao, kwamba huo ni wizi. Nikaitaja Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Nikasema mwisho wa gunia la mazao ni kilo 100, na kwamba Wakala wa Vipimo wana namba ya simu.

Mnunuzi hakubishana. Aliwaambia vijana wafumue kamba, akamgeukia mama na kusema, "Mama, mimi sikuja hapa kugombana na mtoto wako." Akaenda kununua nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mahindi yetu yakabaki ukumbini. Kufikia Oktoba dumuzi alishaingia, na mama akauza kilichobaki kwa bei aliyoipata.

Jioni ile hakunigombeza. Alipakua chakula, akala, akanawa mikono, ndipo akasema, "Umelipima gunia, mwanangu. Lakini mimi hukuniuliza."

Naanza na upande wangu, kwa sababu nadhani bado una uzito.

Kipimo ni makubaliano ya watu wasiojuana. Wanaojuana wanaweza kukadiriana. Marehemu bibi aliuza mchele kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi. Kitambaa alikipima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nyuzi za mshipi wa babu zilipimwa kwa pima, mikono miwili ikiwa imenyooshwa. Vipimo hivyo vilikuwa mwilini na jikoni, kila mtu alikuwa navyo, na mtaa mzima ulijua kibaba cha nani kina kibonyeo. Aliyepunja alijulikana kwa jina, na aibu ndiyo iliyokuwa mkaguzi. Na kwa Waislamu wa pwani kulikuwa na zaidi ya aibu: Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya watu wanaojipimia kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Bibi aliijua sura hiyo kwa moyo, na akitoa zaka ya fitri alimimina pishi mpaka punje zikamwagika, kisha akaongeza gao moja.

Sote tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni methali ya subira. Lakini haisemi ni nani aliyekishika kibaba chenyewe, wala nani aliyekitengeneza. Ukiwa na kibaba kinachoongezeka ukubwa kila unapokaribia kukijaza, subira haitakusaidia kitu. Lumbesa ni kibaba cha aina hiyo. Mtu anaamini anauza gunia, wakati gunia si kitu kimoja: ni kilo 100 leo, 121 kesho, na 130 mwaka ambao mvua imekuwa nzuri na wauzaji ni wengi.

Jambo hili si letu peke yetu. Ufaransa ya mwaka 1789, wananchi walipoandika malalamiko yao kabla ya Mapinduzi, mojawapo ya waliyoyalalamikia ni wingi wa vipimo. Kila wilaya ilikuwa na vyake, na kuna mabwana wa ardhi waliokusanya nafaka kwa pishi lao wenyewe. Mkulima alidaiwa idadi ileile ya mapishi kila mwaka, na pishi likakua. Mwaka 1795 Ufaransa ikapitisha sheria ya mfumo wa mita, mfumo ulionuiwa kuwa wa watu wote wa nyakati zote. Kwa maana hiyo kilo ilizaliwa kama dai la uhuru. Mtu anayetumia kilo hahitaji kumwogopa mwenye pishi.

Lakini hapohapo pana funzo jingine ambalo sikulizingatia siku ile ukumbini. Wafaransa hawakuipokea zawadi yao kwa furaha. Waliendelea kupima walivyozoea. Napoleon mwenyewe, mwaka 1812, aliruhusu vipimo vyenye majina ya zamani virudi madukani, na mfumo wa mita ukawa wa lazima kweli kuanzia mwaka 1840 tu. Ilichukua miaka 45 tangu sheria ya kwanza. Watu waliokuwa wameomba kipimo kimoja hawakuwa wameomba wapewe kimoja ambacho hawakuhusishwa kukichagua.

Na pengine kisa kinachowapendeza zaidi wapenda uhuru ni kile cha Steve Thoburn, muuza matunda wa Sunderland, Uingereza. Mwaka 2000 mizani zake zilichukuliwa kwa kuwa zilipima kwa pauni. Mwaka 2001 alitiwa hatiani, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ikaikataa rufaa yake. Kosa lilikuwa la ndizi. Wateja wake waliijua pauni, yeye aliijua pauni, na hakuna aliyedai kupunjwa. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilicheka. Safari ya pili sikucheka, kwa sababu niliona kwamba kama ningekuwa Sunderland ningekuwa upande wa Thoburn, na nikaona sina budi kueleza kwa nini Horohoro nilikuwa upande wa sheria.

Jibu langu liko kwenye saa. Sisi wa pwani tunaihesabu siku kuanzia macheche ya asubuhi. Tiketi ya basi imeandikwa 8:00, kondakta anakwambia saa mbili, na hakuna anayeachwa na basi kwa sababu hiyo, maana kila mtu anajua namna ya kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Tofauti ni sita, leo na kesho, kwa tajiri na kwa maskini. Serikali ikituamuru kesho tuache kusema saa mbili, itakuwa imetunyang'anya kitu bila kumlinda mtu yeyote. Pauni ya Thoburn ilikuwa kama saa yetu. Frasila ya karafuu ya Unguja na Pemba, kiasi cha kilo 16, ilikuwa hivyo pia. Hivyo ni vipimo vya watu, na mtu ana haki ya kuishi ndani ya vipimo vyake.

Lumbesa haina namba ya kuigeuza. Hakuna awezaye kusema lumbesa moja ni kilo ngapi, na faida yake yote imo katika kutosemeka huko. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni: uhuru wa kuchagua kipimo haujumuishi uhuru wa kutokuwa na kipimo. Mtu na apime kwa kilo, kwa pauni, kwa pishi au kwa kofia yake, mradi mwenzake aweze kuipima kofia hiyo.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Ndipo sauti ya mama ikarudi: hukuniuliza.

Maana mama hakudanganywa. Anaijua lumbesa kuliko mimi. Alijua magunia 12 yatatoka 10, na alikwishaliweka hilo kwenye bei kichwani mwake, kama vile mtu anavyoiweka nauli. Alikuwa na sababu za kuuza siku ile: mchango wa harusi, deni la mbolea, na dumuzi ambaye hasubiri mjadala. Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alisema jamii haina haki ya kumwingilia mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Inaweza kufanya hivyo tu kuzuia madhara kwa wengine. Mimi nilimwingilia mama yangu kwa ajili ya faida yake, na nikamtia hasara.

Naweza kujitetea kwamba Mill huyohuyo aliona biashara kuwa ni tendo la kijamii na akakubali kwamba udanganyifu sokoni uzuiwe. Na naweza kuwataja wengine wanaodhurika. Mjomba wangu, aliyewahi kuwa kuli pale mpakani, alinieleza jambo nisilokuwa nalijua: kuli hulipwa kwa gunia, na nauli ya lori hutozwa kwa gunia. Kilo 21 zilizozidi zinapanda bure mgongoni mwa kijana kabla hazijapanda bure kwenye lori. Mgongo huo haukuwapo wakati mama na mnunuzi wanapatana. Kenya nao waliliona hilo kwa namna yao, na kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zikaweka mwisho wa gunia kuwa kilo 50. Kwa hiyo hata kama mama na mnunuzi wameridhiana, mapatano yao yana mtu wa tatu, na kwa mtu huyo sheria ina kazi.

Lakini mjomba alinieleza pia upande wa mnunuzi, ambao sikuwa nimetaka kuusikia. Mnunuzi naye anapeleka mzigo kwa wanaomdai lumbesa. Akifika sokoni na magunia ya kilo 100, anaonekana amebeba magunia mapungufu, na bei inashushwa. Hakuivumbua lumbesa, ameikuta. Nilimwita mwizi mtu ambaye yuko katikati ya mnyororo, kwa sababu yeye ndiye niliyeweza kumwona.

Na mizani ilikuwa wapi? Sheria ipo Horohoro kama ilivyo Dar es Salaam. Mizani niliyoitumia ilikuwa ya kuazima. Mkulima anayeambiwa kuwa ana haki ya kilo 100, lakini hana cha kupimia na ana mnunuzi mmoja tu mlangoni, amepewa haki ya kutazama.

Kuna kisa cha hapa mpakani kinachoonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Kipimo kilichotajwa ni sehemu 10 katika bilioni. Katika mabishano ya vijiweni siku zile, kila upande ulikuwa na hakika. Huku tulisema ni wivu wa biashara. Kule walisema tunataka kuwaua. Wachache walikumbuka kwamba kiwango hicho nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimeshakubaliana, na kwamba mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa mahindi yao wenyewe. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Wala hasira ya mkulima wa huku haikuwa ya kubuni, kwa kuwa sehemu 10 katika bilioni hazionekani kwa jicho, hazinusiki, na hakuna baraza hata moja la kijiji lenye chombo cha kuzipima. Aliambiwa mahindi yake yana sumu na mtu ambaye hakuweza kumhakiki. Baada ya siku chache Kenya ililegeza, ikaweka masharti ya vyeti na usajili wa wafanyabiashara, na mwezi Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi, suala la mahindi lilikuwa miongoni mwa yaliyozungumzwa. Mazungumzo hayakuibadilisha sumu. Yalijibu maswali ambayo kiwango peke yake hakikuwa kimeyajibu: nani apime, wapi, na nani alipie.

Hata mpaka wenyewe ni kipimo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari uanzie kwenye mdomo wa mto Umba na kukata kwenda bara, na sultani wa Zanzibar aachiwe ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini. Sina shaka maili zao zilikuwa maili kamili. Lakini Wadigo waliokatwa katikati na mstari huo hawakuulizwa, na kizazi baada ya kizazi wanauvuka kwenda kuzikana kana kwamba haupo. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na kisiwe cha haki, kama waliopimwa hawakuwa na neno.

Hapo ndipo nilipoiona hitilafu yangu. Nilidhani kipimo kinamaliza mjadala: ukishasema 121, wengine wanyamaze. Kumbe namba inamaliza swali moja tu, la uzito. Maswali mengine, nani abebe hasara, tuanze lini, tufanye nini na mwenye shida leo, yanabaki palepale, na hayo hayana mizani nyingine isipokuwa kuzungumza. Lugha yetu inalijua hilo. Tunasema pima maneno yako. Mimi nilipima gunia kwa uangalifu, hata nikaondoa uzito wa ndoano, lakini neno wizi nililitupa bila kulipima. Na katika ubishi wetu wa kila siku tunafanya lumbesa: mwenzako amesema jambo la kilo 100, wewe unalishonea kilemba, unaongeza aliyoyakusudia, aliyoyasema ndugu yake, yanayosemwa na watu wa aina yake, kisha unamtwisha yote aende nayo.

Masika iliyofuata mjomba aliita watu barazani kwetu. Walikuja wenye mahindi wa nyumba kama kumi, na mnunuzi yuleyule, ambaye mjomba alimfuata mwenyewe. Mjomba hajasoma falsafa, lakini amesuluhisha ndoa nyingi, na ana sharti lake: kabla hujasema lako, sema alilolisema mwenzako, na yeye akiri kwamba ndilo. Nilianza mimi. Nilimwomba radhi mama kwanza, kisha mnunuzi. Halafu nikaeleza habari ya wanaomdai lumbesa huko aendako, na jinsi anavyopoteza akifika na magunia ya kilo 100. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo. Ndivyo ilivyo." Ilipofika zamu yake, alieleza habari ya magunia 12 yanayotoka 10, na wala hakupunguza.

Kilichofuata hakikuwa ushindi. Mzee mmoja alisema kilo ni za watu wa mjini na akaondoka kabla ya kahawa. Nyumba tano zilikubali kuchanga kununua mizani na kwenda kuihakikisha kwa Wakala, ipate stika yake. Mnunuzi alikubali kununua kwa kilo kwa hizo tano, kwa bei ya kilo ambayo, ukiipiga hesabu, ni pungufu kidogo ya nilivyotarajia, kwa sababu sasa hasara ya mbele anaibeba yeye. Wengine waliendelea na gunia.

Mama ni mmoja wa wale watano. Mwaka huu alikuwa na magunia 11. Tisa aliyauza kwa kilo. Mawili aliyauza kwa mnunuzi mwingine aliyepita siku ya Ijumaa akiwa na fedha mkononi, na yalifungwa lumbesa moja kubwa na baki iliyoachwa kwenye gunia lake. Nilikuwapo. Nilijua uzito wake kwa kuliangalia tu, na kijana aliyelibeba alikuwa mwembamba.

Nilimuuliza mama kama anataka tulipime kwanza. Alifikiri, akatazama lori, akatazama mizani iliyoning'inia kwenye mwembe.

"Leo hapana," akasema. "Lakini msaidie huyo mtoto kupandisha."

Nikashika upande mmoja.